Naomba ushauri: HMAC au saini ya kidijitali kwa SMS za mzigo?

Wakuu, nipo Kigoma, natengeneza programu ya wauza dagaa. Karani wa Kibirizi anatuma SMS ya mzigo, inapita kwa dalali, ndipo ifike stoo Tabora. Huko njiani "magunia 40" yanageuka 34!

Nimewaza HMAC-SHA256 (alama ya uhakiki inayokokotolewa kwa meseji pamoja na ufunguo wa siri), ila alama yake ni herufi 64 za heksa (0-9 na a-f) na SMS ni herufi 160 tu. Nikiikata zibaki 32, yaani biti 128, bado iko salama? Halafu ufunguo wa siri wanao wote wawili, karani na stoo, kwa hiyo stoo nayo inaweza kujitungia meseji. Wakigombana, nani aaminiwe? Ed25519 (aina ya saini ya kidijitali, ufunguo wa kusaini anao karani peke yake) ingemaliza ugomvi huo, lakini saini yake ni baiti 64, yaani herufi 128 za heksa.

Na meseji ya jana ikirushwa tena leo, namba ya mfululizo inatosha kuikamata?