Nimeonja mvinyo mkavu wa Dodoma tamashani, nataka ndio tuunywe kwenye sendofu ya mdogo wangu. Wazee hawataki. Naombeni ushauri

TausiMweupe

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Mimi ni mkazi wa Dar. Juzi kati nilipanda treni ya umeme kwenda Dodoma kwenye tamasha la mvinyo. Nilikuwa nafuata muziki na nyama choma zaidi ya mvinyo wenyewe, kwa sababu mvinyo wa Dodoma niliokuwa naujua ni ule mtamu, mzito, wa kununua Krismasi na chupa ikakaa kabatini mpaka Pasaka.

Pale nikafika kwenye meza za wazalishaji wadogo. Dada mmoja wa Hombolo akanimiminia kidogo mvinyo mwekundu, akaniambia hii ni zabibu ya Makutupora na haina sukari. Nikauliza mara mbili kama kweli umetoka hapahapa. Ulikuwa mkavu kabisa, ukakasi unabaki kwenye fizi, harufu ya zambarau zilizoiva inapanda puani. Meza ya jirani walikuwa na mweupe wa Chenin Blanc, wenye uchachu safi unaoamsha mdomo. Nilirudi kwenye meza zile mbili mpaka wakanizoea. Nimekunywa mvinyo miaka mingi na sikujua kwamba nchi yetu wenyewe inatoa kitu cha namna hii.

Sasa jambo langu. Mdogo wangu ana sendofu mwezi ujao, wageni kama 200, na kamati imenikabidhi vinywaji. Nimependekeza mvinyo wa Dodoma, baba mkubwa akasema huo ni wa kanisani, wakwe watatudharau, tununue wa Afrika Kusini. Wajumbe wengi wako upande wake.

Naomba kujua: kwa nini ule wa tamashani ni tofauti sana na wa dukani? Nikienda kununua, nachaguaje nisiletewe ule mtamu? Na baba mkubwa nimwambie nini bila kumvunjia heshima?

Naomba kuwasilisha.

ShemejiWaWagogo

Dada, mimi nakaa Dodoma na mvinyo wetu naupenda, lakini nitakuambia ukweli. Sendofu si mahali pa kufundisha watu. Wageni wanataka kitu wanachokijua. Weka wa Afrika Kusini mezani, wa Dodoma peleka nyumbani ukanywe na rafiki zako.

Mzee wa Mpunguzi

Marahaba binti yangu. Nalima zabibu, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo, univumilie.

Kwanza utamu. Watu wengi wanadhani mvinyo wa Dodoma ni mtamu kwa sababu ya jua letu. Si kweli. Jua linaipa zabibu sukari nyingi, sawa, lakini juisi ikiachwa ichachuke mpaka mwisho, chachu inaila sukari yote na kuigeuza kileo. Unachopata ni mvinyo mkavu na wenye nguvu. Utamu unakuja pale mtengenezaji anaposimamisha uchachukaji katikati, au anapoongeza sukari baadaye. Ni uamuzi wa kiwandani, na wanafanya hivyo kwa sababu wateja wengi ndivyo walivyozoea kuuomba. Ardhi ya Dodoma haina neno. Dada yako wa Hombolo aliamua tu kuuacha ufike mwisho.

Pili, zabibu zenyewe. Ile nyekundu tunaiita Makutupora, jina la kule kaskazini ya mji kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, siku hizi TARI Makutupora. Mashamba mengi ya wakulima wadogo ni hiyo. Ina rangi na ina ukakasi, ndiyo maana ulisikia fizi zinakaza. Nyeupe ni Chenin Blanc, asili yake Ufaransa kwenye bonde la mto Loire. Sifa yake kubwa ni kwamba hata kwenye joto haipotezi uchachu, na ndiyo maana inafaa kwetu.

Tatu, na hili watu wa mbali hawalijui: sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Ulaya baridi inaulaza mzabibu, unapumzika, wanavuna mara moja. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Mzabibu unaamka pale unapoupogoa. Ukikata matawi, baada ya miezi minne hadi mitano hivi una vichala. Kwa hiyo tuna mavuno ya Februari na Machi, halafu mengine Agosti na Septemba. Haya ya kwanza yanakua na mvua. Ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa ya ukungu, vinatusumbua kweli, dawa inapigwa sana, na mvua ikizidi zabibu inakuwa na maji mengi. Ya kiangazi yanaiva kukiwa kukavu, sukari inakaa vizuri, magonjwa ni machache. Kwa hiyo chupa mbili za mzalishaji yuleyule zinaweza kutofautiana. Ukifika pale usiulize tu "mwekundu upo?" Uliza: huu ni wa mavuno ya mwezi gani? Mwenye kazi yake atakujibu bila kufikiri.

Nilikuwa na la kumwambia baba mkubwa wako pia, lakini naona kuna watu wa kanisa humu, waanze wao.

Katekista_Mstaafu

Mzee umenigusa, asante.

Dada Tausi, "wa kanisani" si tusi. Wamisionari wa Kikatoliki ndio walioanzisha mizabibu Ugogo kabla ya Uhuru, pale Bihawana, kwa ajili ya divai ya misa. Na divai ya misa haitengenezwi hovyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu na isiwe imeharibika. Kwa hiyo kama wazee wanasema Dodoma ni nyumbani kwa divai ya altare, wanasema mahali hapa panajua zabibu safi. Mwambie hivyo baba mkubwa kwa upole. Naamini atalisikia kuliko hoja ya ladha.

Baada ya wamisionari serikali nayo ikaingia na kiwanda cha mvinyo cha DOWICO. Kilipokufa wakulima waliteseka sana na soko. Wanaokunywa leo mvinyo wa wazalishaji wadogo wanaweka pesa moja kwa moja kwenye mikono ya watu waliokataa kung'oa mizabibu yao.

GlasiSafi

Nahudumia mvinyo hotelini, naomba niseme ya mezani.

Dada, shida ya mvinyo mwekundu kwenye sherehe zetu ni joto. Mtu kasikia kwamba mwekundu haunywewi baridi, anauacha stoo yenye nyuzi 30, akiumimina kileo kinapanda puani na ukakasi unakuwa mkali. Halafu wanasema mvinyo mbaya. Mwekundu unataka nyuzi 15 hadi 18. Kama ulikuwa kwenye joto hilo, uweke kwenye friji saa moja hadi moja na nusu kabla ya kuutoa. Mweupe nyuzi 8 hadi 12, huo ukae kwenye deli lenye barafu na maji. Barafu tupu haitoshi, maji ndiyo yanayoizunguka chupa. Hili peke yake litaamua kama wakwe watausifu au la.

Hesabu: chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Kwa wageni 200, kaa na kamati mkadirie wanaokunywa mvinyo, maana kuna wa bia, wa soda na wasiogusa kileo. Tuseme ni 80, na kila mmoja glasi mbili: glasi 160, sawa na chupa 32. Ongeza chache za akiba, nunua 36, yaani katoni tatu za chupa 12. Usisikilize mtu atakayekuambia chupa mia.

Na huyo Shemeji wa juu simkubalii. Mgeni hasomi lebo akiwa na glasi mkononi. Anasikia kama ni baridi, kama ni safi, kama unaenda na chakula.

TausiMweupe

Nashukuru sana, sana. Mzee wa Mpunguzi, nimesoma maelezo yako nikarudia.

Kuna kitu sikukiandika mwanzo. Yule dada aliniambia anaweza kuniuzia mvinyo uleule kwenye dumu la lita 20, bei inashuka sana kuliko chupa. Anauita mchuzi. Nichukue? Na chakula kikuu ni ndafu, pilau na kuku.

GlasiSafi

Dumu hapana, kwa sherehe hapana. Mvinyo adui yake ni hewa na joto. Dumu likifunguliwa hewa inaingia, na likikaa juani safari nzima ya kuja Dar, ukifika unaweza kukuta umeanza kuelekea kwenye siki. Tena huna lebo ya kumwonyesha baba mkubwa, huna alama ya ubora ya TBS. Chupa iliyofungwa.

Mzee wa Mpunguzi

Kijana yuko sahihi kwa sendofu. Ila mchuzi msiudharau. Huo ndio mvinyo unaotoka kwa wakulima na vikundi wanaosindika wenyewe na kuwauzia wenye viwanda vikubwa, na umewaokoa wengi, maana zabibu ikishaiva haimsubiri mnunuzi. Kwa kunywa nyumbani, umechukua kwa mtu unayemwamini na unaumaliza mapema, hauna shida.

Kwenye chupa soma lebo vizuri. Siku hizi kila kinywaji kinaitwa waini: cha choya, cha ndizi, cha nanasi. Ni vinywaji halali, lakini wewe unatafuta zabibu. Tafuta neno "kavu" au "dry", maana wengi wanaandika Kiingereza. Na uliza kama ni zabibu za hapa tupu. Hata sheria ya ushuru inatofautisha: mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 hutozwa ushuru mdogo. Kwa hiyo mzalishaji anayetumia zabibu zetu ana sababu ya kusema hivyo wazi.

Ndafu na mwekundu mkavu, hapo umepatia. Ukakasi ule uliousikia kwenye fizi, ukikutana na mafuta ya mbuzi, unalainika. Kuku na pilau, mweupe.

Kibo_na_Mawenzi

Naomba niongeze hoja moja ya kumwambia baba mkubwa. Anataka wa Afrika Kusini, si ndiyo? Zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini ni Chenin Blanc. Hiyohiyo ya Dodoma. Mnunulie chupa moja ya kule na moja ya Dodoma, zote nyeupe kavu, zipoze sawa, mmiminie bila kumwonyesha chupa. Akipenda ya kwao, mheshimu. Akipenda ya kwetu, umemaliza.

ShemejiWaWagogo

Hili la Kibo nimelipenda. Nilikataa kwa kuogopa aibu ya familia, si kwa kuudharau mvinyo. Akionja mwenyewe ni jambo jingine. Ila dada, usimwonjeshe mbele ya kamati nzima. Mzee akishindwa mbele ya watu atakaza hata kama ameupenda. Nenda kwake jioni, na nyama kidogo, mkae wawili.

TausiMweupe

Hapo umesema, kaka. Nitaenda kwake Jumamosi, mimi na yeye tu, na nitaanza na habari ya Bihawana kabla ya kufungua chupa.

Nimeamua hivi: mwekundu mkavu wa Makutupora kwa ndafu, Chenin kwa kuku, vyote vya chupa, na nitauliza mavuno ya kiangazi. Chupa chache za ule mtamu nitaweka pia, maana kuna shangazi zangu wanaoupenda na ni sherehe yao pia. Mzee akikataa kabisa, nitamwomba meza kuu peke yake iwe ya Dodoma.

Swali la mwisho: nasafirishaje? Nina ndugu anakuja na gari yake kutoka Dodoma, anapita Morogoro mchana.

GlasiSafi

Mwambie aondoke alfajiri. Buti ya gari kwenye jua la saa nane inaweza kuzidi nyuzi 45 na hapo mvinyo unapikwa. Katoni zikae ndani ya gari, sakafuni mbele ya viti vya nyuma, zifunikwe kwa shuka, dirisha lisizipige. Zikifika ziweke chumba chenye giza, chupa za kizibo cha gome zilale, na zifike angalau wiki moja kabla ya shughuli ili zitulie. Siku ya sherehe mtafute mtu mmoja asiye na kazi nyingine yoyote ila kupoza na kufungua. Wahudumu wa chakula hawatakumbuka.

Mzee wa Mpunguzi

Na wale wasiokunywa kileo, agiza juisi ya zabibu kwa yuleyule dada wa Hombolo kama anayo. Wote watakuwa wamekunywa shamba moja.