Kopo la saketi moja, la saketi mbili, au filta ya seramiki?

koili_ya_shaba: Wakuu, habari. Naunda redio ya AM; masafa yake ya kati (IF, yaani masafa ambayo redio hugeuzia kila stesheni kabla ya kuikuza) ni 455 kHz. Nina makopo ya IF, yaani vikasha vya chuma vyenye koili za kuchagua masafa hayo, ya redio ya transista (saketi moja iliyotuniwa), na mengine ya redio ya zamani ya valvu yenye saketi mbili ndani. Dukani kuna filta za seramiki pia. Nitumie kipi?

fundi_mkongwe: La saketi mbili, mdogo wangu. Saketi moja yenye Q (kipimo cha ukali wa kuchagua masafa) ya 100 inapitisha upana wa kama 4.5 kHz, sauti nyembamba inakatika, na bado stesheni iliyo 9 kHz pembeni inapenya kwa robo ya volti yake. Mbili zikishikana sawasawa, upana unafika 6.4 kHz na huyo jirani anabaki na sehemu moja ya nane. Unapata sauti nzuri zaidi na utulivu zaidi kwa pamoja!

mwanafunzi_umeme: Shikamoo fundi. "Kushikana sawasawa" ni kiasi gani?

fundi_mkongwe: Marahaba. Koili ya pili ikipokea nishati kwa sumaku, inairudishia ya kwanza mzigo. Zikiwa mbali mno, nishati haivuki ya kutosha. Q zikilingana, kipimo cha mshikano ni k = 1/Q, yaani 0.01 hapa: mzigo unaorudi unalingana na ukinzani wa koili ya kwanza yenyewe, na nishati inavuka kwa wingi kuliko wakati wowote. Ukizisogeza zaidi, k ikawa 0.02, kilele kinapasuka: viwili, karibu 451 na 459, na bonde katikati.

redio_usiku: Mimi natetea seramiki. Haihitaji kutuniwa na haihami na miaka. Ila hupitisha masafa mengine ya mbali, kwa hiyo itangulize kopo moja la saketi moja.

koili_ya_shaba: Basi naanza na la valvu. Nikitunia upande mmoja, mwingine unahama. Nifanyeje?

fundi_mkongwe: Huo ndio mshikano wenyewe. Weka rezista ya kilo-omu chache sambamba na koili ya pili, tunia ya kwanza hadi kilele. Kisha hamishia rezista kwenye koili ya kwanza, utunie ya pili. Na tumia bisibisi ya plastiki, tafadhali; ya chuma inavuruga masafa, na feraiti ikipasuka ndani ya kopo haitoki.