Wahuguenoti wa Rasi: wakimbizi wa dini au mkono wa Kampuni?

Mleta mada:
Wakuu, heshima kwenu. Yakitajwa mashamba ya zabibu ya Franschhoek na Paarl kule Afrika Kusini, simulizi huwa lilelile. Mfalme Louis wa 14 aliifuta Amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti wa Ufaransa uhuru wa kuabudu, mwaka 1685; Waprotestanti hao, ndio Wahuguenoti, wapatao laki mbili wakaikimbia Ufaransa, na kuanzia 1688 wachache wao, kama mia mbili hivi, wakafika Rasi ya Tumaini Jema na kuigeuza nyika kuwa bustani. Mwaka 1948 ukazinduliwa mnara wa kumbukumbu yao palepale Franschhoek.

Nyika ipi? Yale yalikuwa malisho ya Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa pale. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki ilikuwa imeshapigana nao vita viwili kabla Mfaransa wa kwanza hajapewa jembe. Mimi nasema hawa walikuwa walowezi kama walowezi wengine, na ukimbizi wao hauwatoi kwenye hesabu. Mwenye hoja tofauti aje.

Mkulima wa Dodoma:
Mkuu, umewaonea. Mwanamume aliyekamatwa akitoroka Ufaransa alipelekwa kupiga makasia kwenye majahazi ya mfalme. Aliyefika Rasi alifika kwa nauli ya Kampuni, na sharti lilikuwa akae miaka mitano. Mbegu na zana alikopeshwa, mazao akawauzia haohao Kampuni kwa bei yao. Gavana Simon van der Stel akawatawanya katikati ya wakulima wa Kiholanzi wasijifanyie kijiji chao, na vizazi viwili baadaye Kifaransa kilikuwa kimekufa midomoni mwa watoto. Mtu wa namna hiyo ana nguvu gani ya kuitwa mkoloni?

Halafu tusidharau ujuzi. Wachumi wa Afrika Kusini wamepitia kumbukumbu za kodi za enzi hizo wakakuta familia zilizotoka mikoa ya zabibu ya Ufaransa zilikuwa zikitoa divai nyingi kuliko wenzao. Sisi tunaolima zabibu tunajua kupogoa si kazi ya kubahatisha.

Binti wa Pwani:
Kaka, kupogoa kwa mikono ya nani? Hapo ndipo simulizi linapokatwa. Kuanzia 1652 hadi 1808 waliingizwa Rasi watumwa wapatao elfu sitini, kutoka Madagascar, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Na usidhani ni mambo ya mbali: kati ya 1776 na 1778 Kampuni ilituma meli ya kununua watu hadi Unguja. Divai ile ilinywewa na mabaharia wa meli za kwenda Batavia (Jakarta ya leo), kwa hiyo mzunguko mzima wa biashara ulisimama juu ya watu ambao hawakulipwa hata senti.

Hoja ya unyonge nayo ina mwisho wake. Mwaka 1706 Wafaransa hao waliungana na Waholanzi kumshitaki gavana Willem Adriaan van der Stel, mtoto wa Simon. Kosa lake? Yeye na maofisa wake walijitwalia soko la divai na nyama. Mwaka uliofuata akaitwa kwao na kazi ikamwisha. Chini ya miaka 20 tangu washuke melini, walikuwa na sauti ya kumng'oa gavana, na waliitumia kugombea soko.

Tena utazame ule mnara. Sanamu ya mwanamke ana Biblia mkono mmoja, mkono wa pili kashika mnyororo uliokatika. Mnyororo! Kwenye bonde lililolimwa na watumwa hadi miaka ya 1830.

Mpita njia:
Si Rasi tu. Charleston kule Marekani, Henry Laurens alikuwa wa ukoo wa Wahuguenoti na kampuni yake iliuza Waafrika kwa maelfu. Naendelea kusoma.

Mkulima wa Dodoma:
Dada, la mnyororo nimelipokea. Lakini mwaka 1717 Kampuni iliuliza baraza la Rasi: tuendelee na watumwa au tulete vibarua huru kutoka Ulaya? Aliyepinga utumwa alikuwa mmoja tu, kapteni Dominique de Chavonnes, naye ni wa ukoo wa Wahuguenoti waliokimbilia Uholanzi. Huyo tumweke wapi?

Binti wa Pwani:
Tumweke alipo: mkuu wa askari, si mkulima. Alisema kibarua huru angegharimu kidogo na angefaa kwa ulinzi. Mtumwa mwenyewe hakuwa hoja yake. Na wakulima wa Drakenstein, yaani eneo hilohilo la Paarl na Franschhoek, waliokuwa na cha kupoteza, hatuoni waliposimama upande wake.

Mleta mada:
Basi tuje kwenye mnara wenyewe. Mimi sitaki ubomolewe. Nataka majina ya watumwa yaliyomo kwenye orodha za mirathi za mashamba yale yachongwe jiwe lilelile, herufi za ukubwa uleule. Mkulima, hapo unakubali au unapinga?