POS ya jikoni, menyu ya QR au oda za WhatsApp: mgahawa wa Arusha uanze na ipi?

MamaLoshoro
Wadau, habari za leo. Nina mgahawa Sakina, meza kumi na nne. Mchana wateja wangu ni watu wa maofisini na madereva wa Namanga, jioni ni nyama choma, na msimu ukichanganya kuanzia Juni kampuni za safari huniletea wageni. Hela niliyotenga mwaka huu inatosha kitu kimoja tu, na AFCON 2027 inatukuta hapa hapa mjini, sitaki kukimbizana dakika za mwisho.

Nimefuatwa na vijana watatu, kila mmoja na bidhaa yake. Wa kwanza anauza POS, yaani mfumo wa kurekodi oda na mauzo: mhudumu anapiga oda kwenye tableti, inatokea jikoni kwenye printa au kwenye skrini. Wa pili anataka kubandika QR kila meza, mteja aone menyu na picha, aagize na kulipa mwenyewe. Wa tatu anasema hao wote wamepitwa na wakati, niweke programu ya akili mnemba ijibu WhatsApp, watu waagize wakiwa ofisini na bodaboda apeleke.

Kwa sasa natumia kitabu cha oda cha nakala mbili, mashine ya EFD ya risiti za TRA na Lipa Namba. Kero yangu kubwa ni kwamba jioni mahesabu hayalingani na nyama iliyotoka. Aliyewahi kutumia mojawapo hapa Arusha au Moshi anisaidie, ila asiniuzie.

Chalii_wa_Chuga
Mazee QR ndio mpango mzima. Bei ya mafuta ya kula ikipanda unabadilisha menyu kwenye simu, huchapi upya. Mzungu anaangalia picha ya loshoro, anaelewa anachoagiza, mhudumu wako hahangaiki na Kiingereza. Halafu mji unapokea wageni wa AFCON na wewe bado una kitabu cha nakala mbili? Acha hizo mama.

Mangi_wa_Mbuyuni
Dada, shikamoo kama unanizidi. Mimi niko Moshi, jirani na soko la Mbuyuni, nauza mtori, machalari na kuku wa kienyeji. Mfumo wa mgahawa huku tunaupima Desemba, hatuupimi Machi. Krismasi ikikaribia Wachaga waliosambaa nchi nzima wanarudi nyumbani, familia moja inakamata meza tatu, na kila mtu anabadilisha oda baada ya kuona sahani ya mwenzake. Hapo kitabu cha nakala mbili hakifui dafu. Karatasi imelowa supu, mwandiko wa mhudumu anausoma mwenyewe, mpishi anapika alichosikia.

Kwa hiyo kura yangu ni POS, lakini si kwa sababu ya tableti. Ni kwa sababu ya sheria inayokuja nayo: chakula hakitoki jikoni bila tiketi ya mashine. Hata anayeomba akiwa mimi mwenye mgahawa. Hata akisema "weka tu, nitaandika baadaye". Hiyo "baadaye" ndiyo inayokula faida ya migahawa mingi ninayoijua. Na kufuta oda iliyokwisha kwenda jikoni kuwe na namba ya siri ya msimamizi, la sivyo mhudumu anachukua hela ya mteja, anafuta oda, maisha yanaendelea.

Programu yenyewe natumia Loyverse kwenye Android. Sehemu ya msingi ni ya bure, unalipia ukitaka usimamizi wa wafanyakazi na wa stoo kwa undani. Zipo nyingine, usiumize kichwa sana hapo.

Umiza kichwa kwenye printa. Watakuuzia ya thermal kwa sababu haihitaji wino. Karatasi yake inaandikwa kwa joto, maana yake ukiipeleka karibu na jiko la mkaa au kikaango cha chipsi inaanza kuwa nyeusi, na tiketi uliyoitundika juu ya sufuria haisomeki tena. Jikoni weka ile ya kizamani ya utepe, inayogonga karatasi kwa sindano. Ina kelele, na kelele ndiyo unayoitafuta: mpishi akiwa ameipa mgongo anajua oda imeingia. Zipo zenye utepe wa rangi mbili, "bila pilipili" inatoka kwa wekundu. Ya thermal ibaki kaunta.

Skrini ina uzuri wake, oda inayochelewa inabadilika rangi na kila mtu anaiona. Ila mpishi wangu mikono yake muda wote ina mafuta, na jiko langu lina mvuke. Sijashawishika.

Fundi_Waya
Naunga mkono Mangi, naongeza jambo ambalo wauzaji huliruka. Watu wanachanganya Wi-Fi na intaneti. Oda kutoka kwenye tableti hadi printa ya jikoni haina sababu ya kutoka nje ya jengo. Inapita kwenye rauta yako tu. Lakini mifumo mingine imetengenezwa oda iende kwanza kwenye seva huko nje ya nchi halafu irudi jikoni kwako, hatua kumi kutoka kwenye kaunta. Mtandao ukikata, mgahawa umesimama.

Kabla hujatoa hata shilingi, mwambie kijana achomoe laini ya intaneti mbele yako, aache Wi-Fi ikiwaka, kisha atume oda ya supu na chapati mbili. Tiketi ikitoka jikoni, endeleeni kuongea. Isipotoka, mpe soda aende.

Na rauta iwekee UPS yake ndogo, ile betri ya akiba. TANESCO wakikata, tableti ina betri, bodaboda ana pikipiki yake, kinachokufa ni rauta na printa.

Dada_wa_Kaunta
Mimi ni keshia, niwasemee wa upande wetu. Hiyo QR ya kulipia ina raha yake. Kwa mfumo wa TIPS wa Benki Kuu mteja wa mtandao wowote anaweza kulipa kwenye namba moja, siyo kama zamani tulipobandika namba nne ukutani. Ila kuna mambo mawili.

La kwanza, meseji feki. Mteja anakuonyesha simu yake, "hii hapa imeenda", jina la mgahawa lipo na kiasi kipo. Mkitaka kulala usingizi, simu inayopokea malipo ikae kaunta na neno "tumepokea" litoke kaunta tu. Mhudumu asisome simu ya mteja kamwe. La pili, stika. Kwingine duniani wezi wanabandika QR yao juu ya ile ya duka na hela inaenda kwao siku nzima. Ipitie meza kwa meza kila asubuhi unapofuta vumbi, na mwambie mteja asome jina kabla ya kuweka namba ya siri.

Kuagiza kwa QR sasa, hapo nacheka. Mzee wa watu ametoka Monduli, anataka kumuuliza mhudumu hiyo nyama ni ya mbuzi wa leo au wa jana. QR itamjibu nini?

Chalii_wa_Chuga
Dada mzee wa Monduli mpe menyu ya karatasi, nani kakataza? Naongelea vijana na wageni.

Binti_Kijenge
Chalii ana hoja nusu. QR ziko za aina mbili na bei zake ni mbingu na ardhi. Ya kwanza inafungua menyu ya kutazama tu, hiyo unaitengeneza mwenyewe bure, ukurasa mmoja wenye picha nyepesi. Nasisitiza nyepesi, maana faili kubwa la picha linamla mteja bando, na aliyebakiza MB chache anafunga simu na kumwita mhudumu. Ya pili inaagiza na kulipa, na hiyo bila POS nyuma yake ni mapambo. Oda ya mteja itatua wapi? Kwenye simu ya meneja ambaye yuko chooni?

Kuhusu WhatsApp, mimi napika chakula cha ofisini, nasambaza kuanzia Kijenge hadi Mnara wa Saa. Usinunue programu ya kujibu. WhatsApp Business ni ya bure, ina katalogi ya bidhaa, majibu ya haraka na ujumbe wa kusema mmefunga. Kinachoniokoa ni kufunga oda mapema: saa tano asubuhi ikipita, hakuna tena "niongezee mmoja". Napika nikijua idadi, bodaboda anabeba oda za jengo moja kwa safari moja. Mtori weka kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana, siyo foili.

Na usisubiri kampuni kubwa ya kusambaza chakula ije ikutafutie wateja. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Huko Marekani DoorDash inatoza mgahawa kati ya asilimia 15 na 30 ya oda kutegemea na mpango. Kwenye sahani ya wali nyama, ukitoa asilimia 30, umebaki na sufuria chafu.

Mhasibu_Ngarenaro
Nawasoma wote, hakuna aliyegusa TRA. Bili inayotoka kwenye POS SIYO risiti ya kodi. Ukifunga POS upande mmoja na EFD upande mwingine, keshia atapiga kila mauzo mara mbili, na siku akichoka zitatofautiana. Mkaguzi akija akakuta POS inasema hivi na ripoti ya Z, ile jumla ya siku ya EFD, inasema vile, hapo utajieleza. Muulize kijana kama mfumo wake unaunganishwa na VFD, ile inayotoa risiti ya TRA kupitia programu bila mashine ya pembeni. Kama unaunganishwa, akuonyeshe risiti iliyotoka kwa mteja wake mwingine, uihakiki mwenyewe kwa ile QR iliyopo chini ya risiti. Kama upo kwenye VAT, hakikisha pia bei za menyu zimewekwa kuwa kodi hiyo imo ndani, siyo inaongezwa juu mteja anapolipa.

Jingine kwa wa WhatsApp na QR. Ukianza kukusanya namba za wateja uwatumie matangazo, unashika taarifa binafsi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Usajili kwenye Tume hiyo unahusika.

MamaLoshoro
Asanteni sana, kumbe nilikuwa nauliza maswali yasiyo yenyewe. Mangi, marahaba 😂. Sasa hii nyama. Kwangu mteja anachagua nyama mbichi kwenye bucha langu la mbele, inapimwa, anasema nusu kilo au kilo, inaenda kwenye moto. Mhudumu anakuja kuandika baadaye. POS itajuaje?

Mzee_Mizani
Haitajua, mama. Na hapo ndipo POS nyingi zinaposhindwa huku kwetu, zimetengenezewa baga zinazohesabika moja, mbili, tatu.

Unachohitaji ni mizani ya kidijitali inayochapa lebo. Muuza bucha anapima, lebo inatoka na uzito, bei na msimbo wa mistari. Lebo inabandikwa kwenye sinia linaloenda na nyama hadi kwa mchomaji, kisha kaunta inasomwa kwa kile kisomeo cha dukani na bili inatoka yenyewe. Mhudumu haandiki uzito wowote. Jioni unachukua kilo zilizoingia asubuhi, unatoa kilo za kwenye lebo, unapima zilizobaki. Kinachopungua hapo kina jina la mtu.

Angalia mambo mawili. Hesabu zote ziwe za nyama mbichi, maana ikishachomwa robo ya uzito au zaidi imekwenda na mafuta na maji, na hiyo ndiyo kona watu wanapojificha: "imepungua motoni bosi". Na mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, ina stika yao, inarudiwa kila mwaka.

Chalii_wa_Chuga
Haya yote bado mnaongelea watu. Wenzetu wana roboti jikoni.

Fundi_Waya
Chalii, McDonald's wenyewe walijaribu akili mnemba ya IBM kupokea oda za magari kwenye migahawa zaidi ya 100, mwaka 2024 wakasitisha. Zume ya California, iliyokuwa inatengeneza piza kwa roboti na mamia ya mamilioni ya dola za wawekezaji nyuma yake, ilifungwa 2023. Sisemi haitafika. Nasema isianzie Sakina kwa hela ya mama wa watu.

MamaLoshoro
Basi naelekea kwenye mizani ya lebo na POS inayosoma msimbo wake, printa ya utepe jikoni. QR ya kutazama menyu nitamwachia mwanangu aitengeneze. Nimempigia kijana wa POS nikamwambia aje achomoe intaneti kama alivyosema Fundi, amesema atanirudia kesho.

Mangi_wa_Mbuyuni
Asiporudi nishtue, nikupe namba ya aliyenifungia mimi. Na ukifunga usianze Jumamosi. Anza Jumanne mchana, kitabu cha nakala mbili kikiwa bado kaunta, ukikiondoa wiki inayofuata.