Tupeane uzoefu: umewahi kupangisha nyumba kwa wageni wa siku mbili tatu hapa Nairobi? Tuambie ilikuendea vipi

Mama Taji (Kilimani)

Habari zenu wapendwa. Binamu yangu aliye Qatar alinipigia juzi akiwa na furaha kubwa. Amepata mkopo wa sacco, anataka kuweka fanicha kwenye nyumba yake ya Kileleshwa, aitangaze kwenye Airbnb na Booking.com, mitandao ya kupangisha nyumba kwa wageni, na mimi ndiye nimsimamie. Nimemwomba wiki moja kabla sijampa jibu. Naombeni kila aliyeifanya hii kazi aandike yaliyompata yeye mwenyewe, mazuri na mabaya, nimtumie asome.

Naanza na yangu. Nyumba yangu ni ya chumba kimoja cha kulala, naipangisha hivi tangu 2022. Mwezi mmoja wa kawaida, si Desemba, ilipata wageni siku 17 kwa 4,500 kwa siku. Hiyo ni 76,500, na ukiiona kwenye simu moyo unaruka. Sasa toa. Makato ya mtandao wakati huo yalikuwa asilimia 3, yaani 2,295. Ada ya jengo 8,000. Usafi mara 9 kwa 800, ni 7,200. Intaneti 3,000. Stima 6,500, kwa sababu mgeni hazimi taa wala hita, na bafu la maji moto linameza tokeni, yaani stima ya kulipia kabla, kama nini. Maji 2,000. Imebaki 47,505.

Nyumba hiyo hiyo bila fanicha ingepata mpangaji wa kudumu wa 40,000, anayejilipia stima yake na ada ya jengo ikiwa ndani ya kodi niliyokuwa nikitoza. Tuseme basi nikitoa ada hiyo ningebaki na 32,000. Tofauti ni 15,505 kwa mwezi. Fanicha, friji, televisheni, vyombo na mapazia vilinigharimu 480,000. Gawanya uone: miezi 31 kabla sijamaliza kurudisha pesa ya fanicha, na hapo sijahesabu godoro lililoharibiwa wala saa zangu za usingizi. Sijutii. Lakini laiti mtu angenionyesha hesabu hii mapema, ningenunua kochi la bei ya chini.

Na la tokeni: usiku mmoja stima iliisha saa tano, mgeni ana mtoto wa miezi minne, na simu yangu ilikuwa imezimika. Alikaa gizani hadi saa kumi na moja alfajiri. Mama yule hakunitukana, aliandika tu kwamba mtoto alilia sana. Tangu siku hiyo mita yangu haishuki chini ya yuniti 30 mgeni akiwa ndani.

Baba Wawili (Roysambu)

Mama Taji, asante kwa kufungua mada hii. Yangu si ya pesa.

Nilikuwa na vyumba vitatu huku upande wa TRM, lile duka kubwa la Thika Road Mall. Nilikuwa napokea watu kwa simu tu, bila mtandao wowote, bila kitambulisho. Anatuma M-Pesa, namtumia namba ya kisanduku cha funguo, basi. Kuna wageni ambao sikuwahi kuiona sura yao. Niliona ni biashara safi, haina usumbufu.

Januari 2024 wote tunakumbuka. Wasichana waliuawa ndani ya nyumba za namna hii hapa mjini, mmoja South B, mwingine huku huku kwetu Roysambu. Jumamosi tarehe 27 wanawake waliandamana mjini, na binti yangu wa pili alikuwa miongoni mwao. Jioni alirudi sauti imemkauka. Akaketi, akaniuliza: "Baba, usiku huu unajua nani yuko ndani ya nyumba zako?"

Sikujua. Chumba kimoja kilikuwa na mtu niliyemjua kwa jina la M-Pesa peke yake. Nilivaa viatu nikaenda kubisha mlango usiku huo huo. Walikuwa vijana wawili wamekuja kufanya usaili wa kazi, wakanikaribisha chai. Lakini ile safari ya dakika kumi kutoka kwangu hadi pale sitaisahau.

Nilifunga mwezi mzima. Nilipofungua tena, sheria ikawa moja: kila anayelala, na kila anayemtembelea anayelala, anaonyesha kitambulisho langoni, soja, yaani mlinzi wa lango, anaandika kitabuni jina na saa, mbele yake. Mgeni wa kike akija kumtembelea mtu, soja anampa namba ya simu ya lango, aipige wakati wowote akihitaji msaada. Kamera iko nje ya mlango na nimeitaja kwenye tangazo. Ndani hakuna, na Airbnb wenyewe walipiga marufuku kamera za ndani tangu Aprili 2024. Picha za vitambulisho sizitunzi kwenye WhatsApp, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuhusu hata sisi wadogo. Kibali cha kaunti ninacho, na nilikwenda pia kwa mamlaka inayodhibiti utalii, TRA, kwa sababu Sheria ya Utalii ya 2011 haibagui hoteli kubwa na chumba chako.

Nilipoteza wateja. Wengi wa ijumaa usiku hawakurudi tena. Soja nilimwongezea 3,000 kwa mwezi kutoka mfukoni mwangu, kwa ridhaa ya mwenye jengo, na hiyo ndiyo pesa ninayoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote.

Jirani wa Ghorofa ya Sita

Mimi sina nyumba ya wageni, ninaishi katikati yao. Niruhusuni niseme machache.

Mlango unaotazamana na wangu unapangishwa kwa siku. Watoto wangu hawachezi tena kwenye veranda kwa sababu kila wiki kuna sura mpya. Masanduku yanaburutwa saa tisa usiku kutoka uwanja wa ndege. Mwaka jana kulikuwa na sherehe ya watu kama ishirini, na mwenye nyumba hakupokea simu hadi asubuhi. Tulikaa kikao cha wenye nyumba, maana chini ya Sheria ya Nyumba za Sehemu (Sectional Properties Act) ya 2020 shirika la wenye nyumba lina kanuni zake, tukapitisha namba ya dharura na saa za utulivu. Mwenye nyumba alikuja, akaomba radhi, akapita mlango kwa mlango na kutupa namba yake. Sasa naweza kuishi naye.

Dada, mwambie binamu yako asome kanuni za jengo lake kabla hajanunua hata kijiko. Kuna majengo yanayokataza kabisa.

Kijana wa Ruaka

Nilikodi nyumba kwa mtu, nikaipangisha kwa wageni bila kumwambia mwenye nyumba. Miezi mitano. Aliiona picha ya jiko lake mtandaoni. Nilipewa siku saba nitoke na diposti sikurudishiwa, na ukweli ni kwamba mkataba ulisema wazi nisipangishe mwingine. Andikisheni ruhusa jamani. Ukurasa mmoja unatosha.

Mtu wa Donholm

Mimi nyumba yangu iko Diani, pwani kusini mwa Mombasa, nami niko hapa Nairobi. Nilidhani umbali si kitu, treni inaondoka Syokimau asubuhi na mchana uko Mombasa. Ila bomba likipasuka usiku hupandi treni. Chumvi ya bahari inakula bawaba, feni, jiko, kila chenye chuma. Mei mvua ikinyesha nakaa wiki tatu bila mgeni hata mmoja, na mtunza nyumba lazima alipwe. Aliyeniokoa ni huyo mtunza nyumba, ana ufunguo, ana fundi wake, na ana ruhusa ya kutumia hadi 5,000 bila kuniuliza.

Nyota Tano

Kidogo kuhusu nyota ambazo mgeni hutupa mtandaoni, tano zikiwa ndizo za juu. Nilipata mgeni mzee mpole sana, akanipa nyota nne akaandika "pazuri sana". Kwake nne ni sifa. Kwa Airbnb, ili uwe Superhost, yaani mwenyeji wa daraja la juu, unahitaji wastani wa 4.8, kwa hiyo nne kadhaa zinakuteremsha. Siku hizi namwomba mgeni akiwa bado yuko ndani aniambie kinachomkera, nakirekebisha siku hiyo hiyo.

Mwanamke wa Usafi

Nimesoma yote. Mimi ni yule wa 800, ingawa kuna wanaonilipa 500. Nasafisha nyumba nane Kilimani na Hurlingham.

Mgeni anatoka saa nne, mwingine anaingia saa nane mchana. Kwa saa nne nifue shuka, nipige deki, nioshe friji, choo, niangalie balbu. Mgeni akichelewa kutoka kwa muda wa saa mbili, saa hizo zinatoka kwangu. Mara ngapi nimekuta televisheni imepasuka, nami ndiye wa kwanza kuulizwa. Sasa napiga picha kila chumba nikiingia, kabla sijagusa kitu, na nawatumia wenye nyumba. Mmoja wao alilipwa hasara ya meza kwa picha zangu, kwa sababu dai linatakiwa lipelekwe kwa Airbnb ndani ya siku 14 tangu mgeni aondoke, na tarehe ilikuwa kwenye picha.

Mimi ndiye ninayejua mgeni alilia, au aliumwa, au alipigwa. Naona taulo. Mara moja niliona damu nikampigia mwenye nyumba, akaniambia nifue haraka kuna mgeni saa nane. Sikufua. Nilimwita soja, tukampigia yule dada aliyekuwa amelala hapo, tukampata akiwa salama kwa rafiki yake. Nyumba ile sikurudi.

Mama Taji (Kilimani)

Nimeyasoma haya nikiwa kwenye matatu, na nimeyarudia nilipofika nyumbani.

Nimemtumia binamu ujumbe huu: kwanza atafute kanuni za jengo lake, pili aniambie ni nani soja wa zamu ya usiku, na tatu kila usafi utakuwa 1,500, saa ya kutoka iwe saa tatu asubuhi. Asipokubali la tatu, mimi sitasimamia. Amejibu kwamba ni ghali. Nimemwambia apunguze kochi.

Mwanamke wa Usafi, naomba uniandikie pembeni. Alhamisi nakwenda kuiona hiyo nyumba ya Kileleshwa na ningependa twende pamoja, nikulipe siku yako, uniambie wewe unaonaje kabla hatujaweka kitu ndani.