Naomba ushauri: waridi linalonukia kweli

Wakuu, habari zenu. Nina nafasi ya mche mmoja tu wa waridi, chini ya dirisha la chumbani, na nataka harufu iingie hadi ndani. Mwaka jana niliuziwa mche nikaapiwa kwamba unanukia. Ulipochanua, ua zuri ajabu, nikatumbukiza pua: hamna kitu!

Sasa nimebaki na mawili kichwani. Mister Lincoln la mwaka 1964, jekundu la kukoza, na Double Delight la 1977, jeupe la maziwa lenye kingo nyekundu. Yote yanasifiwa kwa harufu. Hofu yangu ni ugonjwa wa madoa meusi kwenye majani. Ule mche wa kwanza majani yaligeuka manjano kuzunguka madoa, yakapukutika. Nakiri nilikuwa nikiyamwagia maji juu, tena jioni.

Jua hapo linapiga kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Udongo ni mfinyanzi. Nimeshachimba shimo la sentimita 50 na samadi iliyooza iko tayari. Karibu na ukuta hivyo, hewa itapita vya kutosha? Niuache mche umbali gani? Aliyewahi kulea mojawapo anisaidie, hasa kwenye kupogoa, maana mimi kwa mkasi ni mwoga.