P950 mpya kutoka Muscat au Canon 250D iliyotumika hapa mjini?

Chozi_wa_Fuoni
Assalaam alaykum wapenzi wa picha. Nataka kununua kamera na nimebakiwa na mbili tu kichwani, Nikon P950 na Canon 250D. Mimi napiga vitu vya hapa hapa nyumbani: ndege, mbingu, mji. Ipi bora? Nataka jibu kabla ya Alkhamisi.

Ami_Lenzi
Waalaykum salaam. Bora kwa lipi, yakhe? Hujasema una kiasi gani, Canon inakuja na lenzi ipi, hao ndege wako umbali gani, picha unazitoa karatasi au zinaishia WhatsApp. Na hiyo Alkhamisi kuna nini?

Mkaa_Kibandamaiti
P950. Uzi ufungwe.

Bara_Huku
Zote mbili za kizamani kaka. Kamera zenye kioo ndani kama hiyo Canon zinakufa, Canon wenyewe wamehamia mfumo wa RF, usio na kioo, tangu 2018. Ongeza hela kidogo uchukue R50.

Ami_Lenzi
"Ongeza hela kidogo." Hichi kidogo cha Bara ndicho kinachotuulia watu huku.

Chozi_wa_Fuoni
Haya, nawajibu. Ndugu yangu yuko Muscat, anarudi Ijumaa, na P950 ataileta yeye, ndiyo maana ya Alkhamisi. Canon ni ya kijana wa hapa mjini, alikuwa akipigia harusi, anaiuza na lenzi ya 18-55, nyengine ya 55-250 na betri mbili. Canon ina nafuu kidogo, lakini mwisho wangu ni milioni mbili na nusu pamoja na stendi.

Ndege: chozi kwenye mpapai wa uwani, mdiria kwenye waya wa umeme, yangeyange wa Cheju. Mbingu: mwezi, na nyota nikienda shamba Makunduchi. Mji: Darajani, Malindi, vichochoro vya Mji Mkongwe. Karatasi sitoi, ila kuna picha moja nataka niitundike ukumbini, sijaipiga bado.

Ami_Lenzi
Sasa tunazungumza. P950 inavuta sana, inafika sawa na lenzi ya milimita 2000, na milimita zikizidi ndivyo cha mbali kinavyokuja karibu. Canon yako na 55-250, ukizidisha kwa 1.6 kwa ajili ya ukubwa wa sensa yake, inafika 400. Yaani mdiria wako wa kwenye waya, kwa P950 utamhesabu manyoya, kwa Canon utapata mdiria na waya na nyumba ya jirani.

Lakini sensa ya P950, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kama ya simu za zamani. Ya Canon ina eneo zaidi ya mara kumi. Mchana wa jua hutoiona tofauti, ikifika magharibi utaiona. Ukivuta mpaka mwisho, P950 tundu lake la mwanga linakuwa dogo, f/6.5, mwanga hauingii, kamera inapandisha ISO, yaani inajilazimisha kuona kwenye kiza, picha inajaa chengachenga. Nenda nayo Jozani chini ya miti, mpige kima punju akiwa kivulini, halafu uje tuzungumze.

Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: milimita 2000 saa saba mchana kule Cheju haina maana. Ardhi imepata moto, hewa inatetemeka, yangeyange atatoka kama yumo ndani ya maji. Hapo ukali wa lenzi haukusaidii kitu. Piga alfajiri au acha.

Mkaa_Kibandamaiti
Ami, unamtisha kijana bure. Kwenye P950 kuna kirungu juu unakizungusha, kuna alama ya ndege na kuna alama ya mwezi. Mwezi unajaa kioo kizima, mashimo yote unayaona, hata bila stendi. Siku ya mwezi mwandamo niliwaonyesha watu mtaani kwetu, wazee wakaziacha kahawa.

Nahodha_Malindi
Mwandamo kwa kamera hapana. Tutaanza tena yale ya kila mwaka.

Mkaa_Kibandamaiti
Sijasema nimethibitisha mwezi, nahodha, nimesema nimepiga picha.

Mtu_wa_Wete
Na Pemba mtusahau tu. Mimi ningependa kujua ipi itapiga popo. Kidike wamejaa tele, mchana wananing'inia mitini kama maembe, lakini picha nzuri ni magharibi wakianza kuruka. Popo wa Pemba akikunjua mbawa inakaribia mita moja na nusu, si kitu kidogo. Nina rafiki ana hizo kamera za zumu refu. Mchana anatamba, magharibi anaweka mfukoni.

Ami_Lenzi
P950 haiingii mfukoni, ni kilo nzima. Lakini hoja yako ni ya kweli. Kinachoruka kwenye kiza, Canon. Kilichotulia mbali juani, Nikon.

Bi_Asumini
Mwanangu Chozi, hebu nikwambie la vitu vilivyotumika, maana naona wote wanazungumza milimita.

Mwaka juzi nilinunua lenzi ya 70-300 kwa muuzaji mmoja wa Dar, simtaji. Picha alizonitumia lenzi inang'ara, kaifuta vizuri, kaiweka juu ya kitambaa cheusi. Nikatuma pesa, ikaja kwa boti, nikaipokea bandarini imefungwa vizuri sana. Nikapiga mchana, sawa. Nikapiga taa za Forodhani usiku, kila taa ina ukungu pembeni. Nikafikiri vidole vyangu, nikafuta. Nikafuta tena. Mwisho nikaivua kwenye kamera, nikafungua tundu lote, nikamulika tochi ya simu upande wa nyuma na kuchungulia mbele kwa mshazari. Kuvu. Nyuzi nyeupe nyembamba zimetambaa kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati, ndani kabisa, kwenye kioo ambacho kitambaa hakifiki. Nilipompigia akanambia "hiyo ni hali ya hewa ya kwenu huko". Lenzi ilikuwa kwangu haijatimiza wiki! Halafu akanifungia namba. Fundi akataka kuifungua kwa pesa karibu sawa na lenzi yenyewe. Ipo kabatini mpaka leo, peke yake, kwa sababu sitaki ikae na nzima.

Kwa hiyo huyo kijana wa harusi mfuate mchana, chukua tochi, mulika lenzi zote mbili. Kisha piga ukuta mweupe kwa tundu dogo, f/16 au f/22, uone madoa ya sensa. Zungusha pete ya kulengea usikilize kama kuna mchanga. Vumbi kidogo si kitu. Nyuzi, ondoka.

Bara_Huku
Pole dada. Ila ukishanunua, weka kamera kwenye pipa la mchele, unyevu unaisha.

Bi_Asumini
Mchele una vumbi la unga, huo unga unaingia kwenye zumu. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vya silika. Vikishiba unyevu unavikausha, unavirudisha. Na usiifunge kwenye mkoba wa ngozi kabatini, hasa masika.

Mkaa_Kibandamaiti
Mnaona? Mpya haina kuvu. P950.

Ami_Lenzi
Mpya ya Muscat ikiharibika unairudisha wapi? Garantii ya kule ni ya kule. Na betri yake ya ziada hapa mjini utaitafuta kwa tochi ya Bi Asumini. Tena moja inamalizika chini ya picha 300 kwa mahesabu ya Nikon wenyewe, ilhali Canon ukichungulia kwenye kitundu cha jicho badala ya skrini inapita 1000.

Nahodha_Malindi
Nyota hakuna aliyezungumza. Kijana amesema Makunduchi. Sisi baharini tulikuwa tukiangalia kilimia, kile kishada cha nyota, na wazee wakisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kamera ipi inapiga kilimia?

Ami_Lenzi
Canon, bila ubishi. Kwa 18-55 weka kwenye 18, tundu lote, ISO 1600 au 3200, sekunde 15 juu ya stendi. Ukizidisha hapo nyota zinaanza kuwa vistari, kwa sababu dunia inazunguka. Hesabu ya haraka ya sekunde ni 500 gawa kwa urefu wa lenzi, na kwa Canon zidisha urefu kwa 1.6 kwanza. Kilimia chenyewe kwa 250 kinaenea vizuri kwenye fremu, lakini hapo una sekunde moja na kidogo tu. Unapiga nyingi, unaziunganisha kwenye kompyuta. Kaskazi ndiyo wakati wake, jioni kiko juu.

Kunguru_Hafugiki
Nimechelewa. Nunua yoyote, ndege utakayempiga hapa mjini ni kunguru tu. Waliletwa miaka ya 1890 wale taka, sasa wanakula mayai ya ndege wote. Huyo chozi wako shukuru bado yupo.

Mtu_wa_Wete
Kunguru naye mzuri akipigwa karibu. Shingo ya kijivu, mgongo unapiga buluu juani. Watu hawamtazami tu.

Kunguru_Hafugiki
Njoo umchukue.

Bi_Asumini
Na hiyo Darajani, Chozi. Lenzi ndefu sokoni sipendi. Mtu umesimama Mkunazini unampiga mama wa watu anachagua ndizi, hajui. Watalii wanatufanyia hivyo kila siku na tunanung'unika. Kaa na 18-55, sogea, toa salamu, omba.

Mkaa_Kibandamaiti
Ukiomba wanajipanga mstari kama picha ya paspoti.

Bi_Asumini
Piga hiyo ya paspoti, waonyeshe, wacheke. Wakishakusahau ndiyo unapiga yako.

Ami_Lenzi
Bi Asumini kasema. Mie naongeza: pigeni majengo kabla hayajaanguka. Picha zangu zote za Beit al-Ajaib za kabla halijaporomoka upande mmoja Disemba 2020 ni za simu mbovu. Ukikuza, mnara wa saa ni vigae vya rangi tu.

Chozi_wa_Fuoni
Nimewasoma wote, ahsanteni. Nimekwenda na tochi leo. Ile 18-55 safi. 55-250 nimeona kitu kama unywele ndani, mmoja tu, hautambai. Mwenye nayo anasema vumbi. Na ndugu yangu Muscat amenitumia ujumbe, anasema dukani kwao P950 imekwisha, ipo P1000, niseme ndiyo au la.

Mkaa_Kibandamaiti
P1000!! Milimita 3000! Sema ndiyo!

Ami_Lenzi
Kilo na nusu kasoro, sensa ile ile, na f/8 mwisho wa zumu. Astaghfirullah.

Bi_Asumini
Huo unywele upige picha uulete hapa, tochi kwa ubavu.

Kunguru_Hafugiki
Ukiiacha hiyo Canon, huyo kijana yuko mtaa gani?